Waraka Mmoja, Madirisha Mawili: Mwongozo kwa Makatibu wa Vikundi Tuwan

Mkutano wa kikundi ukimalizika Tuwan, watu hutawanyika na katibu hubaki na daftari. Humo ndani mna mtaro ulioziba, choo cha umma kinachongojewa, taa ya mulika mwizi isiyowaka, basari ya watoto wa sekondari, na lalamiko la mama mboga anayetozwa ushuru kila siku lakini hana pa kutupa taka. Kazi ya katibu ni kuyageuza hayo yote yawe waraka mmoja wa maoni, unaosomeka, na kuufikisha kwa karani wa bunge la kaunti ya Trans Nzoia kabla siku iliyotajwa kwenye tangazo haijapita.

Mwongozo huu nimemwandikia huyo katibu. Utamfaa pia mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii kule Bungoma anayehangaika na tasnifu, na mwalimu mkuu anayeandaa ripoti ya shule, maana shida ya waraka mrefu ni ileile kila mahali.

Kwanza tuelewane kwa nini waraka huu haumaliziki. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 196, inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika kazi zake. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 nayo imeweka tarehe: mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mwelekeo wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Juu ya hayo kuna mpango mkuu wa miaka mitano, na huu wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Kwa hiyo kikundi kinachofuatilia mambo yake kwa dhati kitatoa maoni zaidi ya mara moja kwa mwaka. Ombi la mtaro uliloliandika Septemba utalihitaji tena Februari, likiwa limerekebishwa, na tena Aprili, likiwa na kiasi cha fedha pembeni. Tuwan imeizoea kazi hii. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la Practical Action, wakati huo likiitwa ITDG, lilishirikiana na manispaa ya Kitale kupanga mitaa isiyo rasmi pamoja na wakazi wenyewe, na Tuwan ilikuwa mmojawapo.

Waraka mrefu huharibika pale mwandishi anapoona ukurasa mmoja tu kwa wakati. Ukiwa ukurasa wa tisa umeshasahau ulichosema ukurasa wa pili. Choo cha umma kinatajwa chini ya Afya, kisha kinatajwa upya chini ya Maji, na kiasi cha fedha kinachoombwa hakilingani. Taa za usiku, ambazo mkutano mzima ulizipigia kelele, zinajikuta mwishoni kabisa, kwa sababu tu ndizo zilizoandikwa mwisho. Mjumbe wa kamati akisoma waraka wa aina hiyo, anayo sababu tayari ya kuuweka kando.

Dawa yake ni kuufungua waraka uleule katika madirisha mawili kwenye skrini moja. Dirisha la kushoto linaonyesha vichwa peke yake, maneno yote yakiwa yamekunjwa chini yake. La kulia linaonyesha maandishi kamili. Kushoto unaamua nini kitangulie nini na kipi kinajirudia, na kulia unaandika. Chochote unachobadilisha upande mmoja kinabadilika upande wa pili papo hapo, kwa kuwa waraka ni mmoja.

Usijaribu kufanya hivi kwa kufungua faili moja mara mbili katika programu mbili. Hapo unakuwa na nakala mbili zisizojuana, na ile itakayohifadhiwa mwisho itafuta kazi ya mwenzake.

Programu ninayoipendekeza ni Vim. Ni ya bure, ni nyepesi kiasi cha kufanya kazi kwenye laptopu kuukuu ya mkono wa pili na hata kwenye simu, na haihitaji intaneti ukishaiweka. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine: katika Vim, ukunjaji wa maandishi ni mali ya dirisha. Dirisha moja linaweza kukunja kila kitu na jingine likaacha kila kitu wazi, ingawa yote mawili yanaangalia faili moja. Si kila kihariri kina hilo. Emacs, ambayo ina watetezi wengi na wana haki ya kuitetea, hukunja waraka wenyewe, kwa hiyo ukikunja kichwa kushoto kinakunjika na kulia, mpaka utengeneze nakala kivuli kwa kubonyeza Ctrl-x 4 c. Inawezekana, ila kwa anayeanza ni hatua moja ya ziada ya kukumbuka.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart alionyesha hadharani kompyuta iliyoweza kupanga orodha ya manunuzi kwa vichwa na vijichwa, kuvikunja na kuvikunjua, na kugawa skrini. Vim ilitoka mwaka 1991. Madirisha mengi yaliingia katika toleo la 3.0 mwaka 1994, na ukunjaji katika toleo la 6.0 mwaka 2001. Aliyeitunga, Mholanzi Bram Moolenaar, ana uhusiano na pande zetu hizi. Mwaka 1994 alifanya kazi ya kujitolea katika kituo cha watoto cha Kibaale, wilaya ya Rakai, kusini mwa Uganda, na sehemu ya kazi yake huko ilihusu maji na usafi. Aliporudi kwao hakuiuza Vim. Alichowaomba watumiaji ni kwamba, wakiona inawafaa, wawachangie watoto wa Kibaale. Alifariki tarehe 3 Agosti 2023. Ukiwa ndani ya programu, andika :help uganda nawe utayasoma hayo mwenyewe. Mimi huona fahari kwamba kifaa tunachokitumia kudai mitaro na vyoo kilitungwa na mtu aliyewahi kuishughulikia kazi hiyohiyo huku kwetu Afrika Mashariki.

Sasa tuingie kazini.

Kwenye kompyuta yenye Ubuntu au Linux Mint, andika sudo apt install vim. Usitosheke na toleo dogo linalokuja na mfumo, kwa maana lina mapungufu, na ukunjaji unaweza kuwa mojawapo. Wa Windows apakue gVim kutoka vim.org. Habari za simu nitazifikia baadaye.

Vim ina hali mbili ambazo mgeni lazima azizoee. Ukiifungua, uko katika hali ya amri: herufi unazobonyeza hazichapi kitu, zinaamrisha. Ukitaka kuchapa, bonyeza i. Ukimaliza kuchapa, bonyeza Esc urudi kwenye amri. Kuhifadhi ni :w na kufunga ni :q. Mtu akishika hayo manne anaweza kufanya kazi, mengine atayaokota njiani.

Kisha tengeneza faili ya mapendeleo. Kwenye Linux na simu inaitwa .vimrc, kwenye Windows inaitwa _vimrc, nayo hukaa ndani ya folda yako ya nyumbani. Iandike hivi:

source $VIMRUNTIME/defaults.vim
let g:markdown_folding = 1
set linebreak
nnoremap <Leader>m ma<C-w>l'azt

Mstari wa kwanza unaleta mapendeleo ya kawaida, pamoja na uwezo wa kutumia kipanya. Wa pili unaiambia Vim ikunje maandishi kwa kufuata vichwa. Wa tatu unazuia maneno yasikatwe katikati ukingoni mwa skrini. Wa nne ni njia ya mkato nitakayoieleza hivi punde, na ndio utakaokuokolea muda mwingi kuliko yote.

Fungua faili mpya kwa amri vim waraka.md. Herufi hizo za mwisho, md, zina kazi: ndizo zinazoijulisha Vim kwamba mstari ulioanza na alama ya reli ni kichwa. Reli moja ni kichwa kikubwa, reli mbili ni kijichwa. Anza na vichwa vitupu, bila maelezo yoyote:

# Maji na usafi
## Mtaro wa barabara ya soko
## Choo cha umma
## Mahali pa kutupa taka
# Usalama
## Taa za usiku
# Elimu
## Basari
## Darasa la chekechea

Chini ya kila kijichwa utajibu mambo manne: shida iko wapi hasa, inamuumiza nani, tunaomba nini, na ni sehemu gani ya mpango wa kaunti inayolihusu. Jibu la kwanza liwe na alama ambayo mtu asiyeishi Tuwan anaweza kuifuata kwa miguu. Kuandika "mitaro ni mibovu" hakumsaidii mhandisi. Mwandikie mtaro unaanzia wapi, unaishia wapi, na maji hufurika hadi nyumba zipi mvua ikinyesha. Chini ya vichwa vikubwa vya reli moja usiandike kitu. Viache vitupu, la sivyo maelezo yake yatajaa kwenye dirisha la kushoto na kukuharibia mwonekano.

Ukishahifadhi kwa :w, funga kisha uifungue tena. Utakuta mistari mitatu tu: Maji na usafi, Usalama, Elimu. Usishtuke, hakuna kilichopotea. Vim imekunja kila kitu. Andika:

:vsplit

Skrini inagawanyika wima, na kielekezi chako kinabaki upande wa kushoto. Hapo bonyeza zM, herufi M ikiwa kubwa, kukunja vyote, halafu zr, r ikiwa ndogo, kukunjua ngazi moja. Sasa unaona vichwa vikubwa na vijichwa, na mbele ya kila kijichwa kilichokunjwa, idadi ya mistari iliyofichwa ndani yake. Punguza upana wa dirisha hili kwa :vertical resize 40. Kisha bonyeza Ctrl na w kwa pamoja, uziachie, ubonyeze l. Umevuka kwenda kulia. Bonyeza zR, R ikiwa kubwa, na maandishi yote yanafunguka upande huo peke yake, huku kushoto kukibaki kama kulivyo.

Kurudi kushoto ni Ctrl-w kisha h. Ukiwa kushoto, panda na kushuka kwa k na j, au mishale ya juu na chini. Ukibonyeza mshale wa kwenda kando utakuwa umefungua mkunjo. Hilo likitokea, zX inarudisha vichwa katika hali yake. Amri hiyohiyo ya zX itumie pia ukiwa umeongeza kichwa kipya upande wa kulia na hukioni kushoto, maana dirisha la kando halijipangi upya kila wakati.

Sasa ile njia ya mkato. Weka kielekezi juu ya "Choo cha umma" katika dirisha la kushoto, kisha bonyeza alama ya mkwaju unaolalia nyuma, \, ukifuatisha m. Kielekezi kinaruka kulia na kutua juu ya kichwa kilekile, nacho kinapanda hadi juu ya dirisha, tayari kwa kuandikwa. Inavyofanya kazi ni hivi: ma inaweka alama iitwayo a kwenye mstari uliopo, Ctrl-w l inavuka kulia, 'a inaifuata ile alama, na zt inausogeza mstari juu. Alama ni ya faili, hivyo iliyowekwa kushoto inapatikana kulia. Ndani ya saa moja vidole vitakuwa vimeizoea, nawe utakuwa unazunguka ndani ya waraka wa kurasa ishirini bila kupoteza mwelekeo.

Tazama tena zile idadi za mistari upande wa kushoto. Vim huchukua aya nzima kuwa mstari mmoja, mradi hukubonyeza Enter katikati yake. Kwa hiyo ukiona Basari ina mistari kumi na miwili na Taa za usiku ina miwili, unajua bila kusoma neno kwamba suala lililopigiwa kelele mkutanoni halijatendewa haki. Katika mwongozo huu wote, hili ndilo ninaloliona la thamani zaidi. Dirisha la vichwa linakuonyesha umempa nani nafasi na umemnyima nani. Katibu ni mtu wa watu, na waraka unaomnyima mama mboga nafasi kwa sababu mzazi wa mwanafunzi alizungumza kwa ufasaha zaidi ni waraka usio wa haki, hata kama hakuna aliyekusudia.

Kuhamisha sehemu ni rahisi kuliko kuieleza. Ukiwa kushoto, juu ya kijichwa kilichokunjwa, bonyeza dd. Kijichwa chote kinaondoka pamoja na aya zake zote, ingawa ulichoona ni mstari mmoja. Shuka au panda hadi unapotaka, bonyeza p kukiweka chini ya ulipo, au P kukiweka juu. Ukitaka kuhamisha kichwa kikubwa pamoja na vijichwa vyake, tangulia na zM ili vichwa vikubwa peke yake vibaki, halafu fanya vilevile. Angalia upande wa kulia, utaona maandishi nayo yamehama. Ukikosea, bonyeza u, na kosa linafutika pande zote mbili.

Wakati mwingine mkutano unaamua kwamba Usalama usisimame peke yake, uingie chini ya kichwa kipya kiitwacho Miundombinu. Hapo unahitaji kuushusha ngazi, wenyewe na vijichwa vyake. Ukunje kwa zM, weka kielekezi juu yake, na uandike:

:s/^#/##/

Kwa sababu sehemu imekunjwa, amri inapita katika mistari yake yote, na kila kichwa kilichomo kinaongezewa reli moja. Kupandisha ngazi ni kinyume chake, :s/^##/#/.

Mpaka hapa tuna madirisha mawili. La tatu ni la ushahidi. Ombi linalotaja mradi uliomo tayari katika mpango wa kaunti lina nguvu, kwa kuwa halianzi kubembeleza, linadai ahadi itimizwe. Mipango hii hutolewa kwa PDF zenye mamia ya kurasa, na kuizungusha huku unaandika ni adhabu. Igeuze kuwa maandishi matupu kwa programu ya pdftotext, ambayo kwenye Linux huja na kifurushi kiitwacho poppler-utils:

pdftotext -layout mpango.pdf mpango.txt

Halafu, ukiwa ndani ya Vim:

:botright sview mpango.txt

Dirisha jipya linafunguka chini, likienea upana wote wa skrini, na limefungwa kwa kusomwa tu ili usije ukaubadilisha mpango wa serikali kwa bahati mbaya. Lipunguze kwa :resize 12. Tafuta jina la mtaa kwa /Tuwan kisha Enter, na endelea kwa n hadi kila palipotajwa pawe pamepita mbele ya macho yako. Tafuta pia Saboti, eneo bunge ambalo wadi ya Tuwan imo, na Kitale, maana miradi mingi huandikwa kwa jina pana. Ukipata mstari unaokufaa, unakili kwa yy, rudi kwenye dirisha ulilotoka kwa Ctrl-w p, nenda mahali pake, ubandike kwa p. Pdftotext huacha alama ya ^L kila ukurasa unapoisha, basi unaweza kujua uko ukurasa wa ngapi na kuutaja. Kama PDF ni picha za karatasi zilizopigwa kwa skana, njia hii haitatoa maneno yoyote, na itabidi uisome kwa macho na kuchapa mwenyewe vile vifungu unavyovihitaji.

Ikiwa una waraka wa mwaka uliopita, tumia nafasi hiyo. Amri ya vim -d waraka-2025.md waraka-2026.md inazifungua zote mbili sambamba na kutia rangi kila palipobadilika. Yasiyobadilika yanakunjwa. Ninawasihi makatibu wafanye hivi kabla ya kila mkutano wa kaunti, kwa sababu kile kilichoombwa mwaka jana na kikaombwa tena mwaka huu bila kubadilika hata neno ndicho kinachostahili kuulizwa kwanza. Mwenzako wa Bungoma mwenye kikundi cha aina hiyohiyo naye anaweza kukupa waraka wake muulinganishe. Kaunti ni mbili, mabunge ni mawili, lakini sheria inayowaita wananchi ni moja, na mpangilio mzuri wa vichwa unaazimika.

Sasa stima. Hakuna mwandishi wa Kitale asiyejua maana ya stima kupotea katikati ya sentensi, na betri za laptopu za mkono wa pili nyingi zimekwisha. Vim huweka faili ya dharura kando ya waraka wako, na huiandikia kila baada ya herufi 200, au ukitulia bila kuchapa kwa sekunde nne. Stima ikirudi, fungua waraka kama kawaida. Utaona onyo refu lenye neno ATTENTION. Lisome bila hofu, bonyeza r, na kazi yako itarudi ikiwa imepungua maneno machache tu. Hakikisha iko sawa, hifadhi kwa :w, funga. Ukiifungua tena onyo litajirudia, safari hii bonyeza d kuifuta ile faili ya dharura.

Mpangilio wa madirisha yako nao unahifadhika. Kabla ya kufunga siku, andika :mksession! tuwan.vim. Kesho yake amri ya vim -S tuwan.vim itakurudishia madirisha yako matatu kila moja mahali pake.

Asiye na kompyuta anaweza kutumia simu ya Android. Weka programu ya Termux kutoka F-Droid, andika pkg install vim, kisha termux-setup-storage ili uweze kufikia faili za simu yako. Kitufe cha Ctrl kiko kwenye safu iliyo juu ya kibodi. Skrini ya simu ni nyembamba, basi achana na :vsplit utumie :split, vichwa vikae juu na maandishi chini, na katika ule mstari wa njia ya mkato ubadilishe <C-w>l kuwa <C-w>j. Kuandika waraka mzima kwa kidole gumba ni kazi ngumu, sitakudanganya. Lakini kupanga vichwa na kurekebisha sentensi ukiwa kwenye matatu kutoka Bungoma kunawezekana kabisa, na kibodi ndogo ya kuchomeka hurahisisha mengine.

Huenda kikundi chako kimeshazoea Word na hakina haja ya kuhama. Basi fungua sehemu ya View, uwashe Navigation Pane, na vichwa vitajipanga kushoto. Ukikiburuta kichwa, maandishi yake yanafuata. Kitufe cha Split kwenye sehemu hiyohiyo kinagawa waraka mara mbili. LibreOffice Writer inayo Navigator, unaifungua kwa F5. Sharti ni moja, na ndipo nyaraka nyingi zinazochapwa saiba zinapokwama: kichwa lazima kiwekwe kwa mtindo wa Heading. Kichwa kilichonenepeshwa na kukuzwa kwa mkono kinaonekana sawa machoni, lakini programu haikitambui, na orodha ya kushoto inabaki tupu. Mwambie anayekuchapia mapema, kabla hajaanza kazi.

Kwa aliyeandika kwa Vim, kazi ya mwisho ni kuutoa waraka katika sura ambayo ofisi inaipokea. Programu ya pandoc, inayowekwa kwa sudo apt install pandoc, inafanya hivyo kwa amri moja:

pandoc waraka.md -o waraka.docx

Vichwa vyako vya reli vinageuka kuwa vichwa halisi vya Word, mradi umeacha mstari mtupu kabla ya kila kichwa. Ipeleke saiba kwenye kijiti cha USB au kwa barua pepe, chapisha, na uisome kwenye karatasi mara moja kwa sauti mbele ya mwenyekiti na mweka hazina kabla ya kutia sahihi. Chapisha nakala mbili. Ya kwanza inabaki kwa karani, ya pili igongwe muhuri wa kupokewa wenye tarehe, urudi nayo. Na ile waraka.md yenyewe itume kwa simu za wanachama wawili wengine siku hiyohiyo, ili Februari ikifika kazi iendelee hata kama katibu amebadilishwa.